Filta ya 0.2 na minazi ya Mkuranga

Alikuja dada mmoja dukani kwetu Upanga, mchana ule jua linawaka mpaka hutaki kuongea na mtu, akaomba bei ya filta za maabara za mikroni 0.1, yaani matundu yake ni madogo kiasi hicho (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nikamwambia zipo ila ni za kuagiza, bei imesimama, halafu zinapitisha taratibu mno, utakaa hapo unaangalia tone moja moja, kwanini usichukue 0.2 kama wenzako wote, si ndo ya kuzuia kila bakteria, hata kwenye boksi wameandika.

Akacheka. "Kaka, hiyo ya 0.2 kuna mdudu anapita."

Mdudu gani tena?

Akachukua kalamu ya kaunta akaandika nyuma ya risiti: Acholeplasma laidlawii. Akanihadithia kwao (sitaji wapi, aliniomba) walikuwa wanafanya lile zoezi la kujaza chupa, ambapo badala ya dawa unajaza media ya kuoteshea bakteria, uone kama mtambo wako ni msafi kweli. Chupa zikachafuka. Wakasafisha kila kona, wakarudia, zikachafuka tena. Wakapima kwa njia za kawaida, darubini, rangi, sahani, hawaoni mtu. Mpaka waliposoma jeni ndo jina likatoka. Kumbe mdudu alikuwa ndani ya unga wenyewe wa media, ule wa protini ya maziwa na soya, na filta ya 0.2 alikuwa anaipita anavyotaka.

Nilidhani ananipiga fiksi. Nikaenda kusoma. Ni kweli, na wala si siri, FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, wameshalizungumzia tatizo hilihili na ushauri wao ni mwepesi: nunua media iliyoshapigwa mionzi, au chuja kwa 0.1.

Nikamwagizia filta zake. Ningeishia hapo, biashara imekwisha, lakini lile jina lilinikaa kichwani wiki kadhaa, nalala nalo naamka nalo, kwasababu kila nilipofungua kitu kimoja kuhusu huyu kiumbe kilinipeleka kingine, na mwisho wa siku kikanipeleka Mkuranga shambani kwa mjomba, mahali ambapo sikutegemea kabisa.

Hana ukuta

Bakteria karibu wote wana ukuta mgumu nje ya utando wao, ile ngozi laini inayozunguka seli. Amoxicillin na jamaa zake, hizi tunazonunua duka la dawa bila hata cheti, kazi yake ni kuvuruga ujenzi wa huo ukuta. Huyu hana ukuta. Sio kwamba ameuficha, hata jeni za kuujenga hana. Kwahiyo penisilini haina cha kumfanya, rangi ya Gram haimshiki inavyotakiwa, na kwakuwa hana kitu kigumu cha kumshikilia umbo, saa hii utamkuta duara, baadaye ni uzi. Msukume kwa presha kwenye tundu dogo kuliko yeye, anajibana anapita.

Anakaa wapi? Sehemu nyingi mno. Maji taka, udongo, mboji, ng'ombe, nguruwe, kuku. Na kwa sehemu kubwa hana neno na mtu, yupo tu.

Kinachonishangaza ni anavyoishi ndani ya maabara bila kulipa kodi. Yeye na wenzake wa jamii ya maikoplazma, wasio na ukuta pia, wanaingia kwenye seli zinazooteshwa, zile seli za binadamu na wanyama ambazo wanasayansi wanajaribia dawa na chanjo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya mistari ya seli inayotunzwa maabara imeshaingiliwa na mmojawapo. Aina 6 tu ndo zinabeba lawama ya zaidi ya asilimia 90, na laidlawii yumo kwenye hiyo orodha, mara nyingi anaingilia kwenye seramu ya ng'ombe. Ripoti ya kwanza ni ya 1956, kwenye seli maarufu za HeLa. Bakteria wa kawaida akiingia kwenye chupa ya seli maji yanakuwa na ukungu, unajua, unamwaga. Hawa unaweza ukakaa nao miezi, chupa safi kabisa kwa macho, seli zinaendelea kukua, na wewe unaandika matokeo.

Hebu fikiria hapo.

Mtu amepima dawa mpya kwenye seli, seli zimefanya kitu fulani, amechapisha. Nani kafanya hicho kitu? Seli, au mpangaji? Maabara makini sasa hivi wanapima maikoplazma kila baada ya muda, ni utaratibu, lakini miaka yote ile kabla hujawa utaratibu sijui tufanyeje nayo.

Mtaro wa London

Jina lake limetokana na Patrick Laidlaw, Mwingereza. Huyu bwana 1933 alikuwa kwenye kundi la watu watatu waliofanikiwa kupata kirusi cha mafua ya binadamu, wakiwaambukiza fereti (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche), kwahiyo tayari alikuwa mtu mkubwa. Sasa mtu mkubwa wa namna hiyo, 1936, anakwenda kuchota maji taka ya London. Mwenzake William Elford alikuwa fundi wa kutengeneza filta zenye matundu ya vipimo tofautitofauti, wakapitisha yale maji, wakaangalia kilichopita, wakakuta kuna vitu vinapita kwenye filta kama virusi, lakini vikiwekwa kwenye chakula vinaota vyenyewe. Kirusi hakifanyi hivyo. Kirusi lazima kiwe ndani ya seli ya kiumbe kingine.

Mwaka uliofuata Mjerumani mmoja, Seiffert, akawakuta wa aina hiyo kwenye udongo na mboji.

Kilichofuata ni miaka mingi ya watu kutokuelewana. Vitu vya aina hii vilikuwa vinajulikana upande mmoja tu, upande wa mifugo. Homa ya mapafu ya ng'ombe, ile ambayo mtu yeyote anayeshinda mnadani Pugu ameshaisikia, mdudu wake ni ndugu asiye na ukuta pia, Nocard na Roux walimuotesha Ufaransa tangu 1898. Na kama hujui, chanjo ya huo ugonjwa inayotumika Afrika mpaka leo inaitwa T1/44, mdudu alitolewa kwa ng'ombe wa huku Tanganyika, akapitishwa kwenye mayai ya kuku mara 44 mpaka ukali ukapungua. Sisi tumo kwenye hii hadithi toka zamani, hatujisemi tu.

Basi likaja swali. Hawa wa mtaroni ni viumbe kamili au ni bakteria wa kawaida waliopoteza ukuta? Emmy Klieneberger, mama aliyewakimbia Wanazi akapata kazi taasisi ya Lister pale London, mwaka 1935 aliona maumbo yasiyo na ukuta ndani ya bakteria mwingine, akaamini ni mdudu mwingine kabisa anayeishi naye. Louis Dienes wa Marekani akasema hapana, ni bakteria yuleyule kavua ukuta. Kwa hilo umbo Dienes alikuwa sahihi. Lakini sasa watu wakalivuta hilo jibu wakalitandika kwa wote, wakasema basi na hawa wa ng'ombe na wa mtaroni nao ni bakteria waliovua. Ubishi ukaenda mpaka miaka ya 1960, walipoanza kulinganisha DNA, ndo ikaonekana hawa ni ukoo wao wenyewe.

Laidlawii akawa bado na kituko chake. Maikoplazma wengine lazima wapewe kolesteroli au kitu kinachofanana nayo ndo waote. Yeye hata usipompa, anaota. Kwa sababu hiyo 1970 Edward na Freundt wakamtoa kwenye jenasi ya wale wakampa ya kwake.

Mtu asiyedai kitu. Mpe chakula, mpe joto, anaota.

Kumbuka hili, nitalirudia.

Mafuta ya nazi asubuhi ya Julai

Swali lililonisumbua nikiwa nasoma ni hili: kwanini watu wazima wenye digrii zao walitumia miongo wakihangaika na mdudu wa mtaro asiyemdhuru mtu? Sikuwa nauliza kwa dharau, niliuliza kama mtu ninayejua bei ya vifaa. Najua bakuli moja la mashine ya sentrifyuji linauzwaje.

Jibu nililipata kwenye kazi ya 1969. Enzi hizo walikuwa bado wanabishana utando wa seli umejengwaje. Kuna waliosema ni mafuta yaliyopangwa safu mbili, kuna waliosema protini na mafuta vimechanganyika tu. Utaijuaje ndani ya kiumbe hai? Bakteria wengi wana ukuta, ukipima unapima na ukuta. Wengine wana tando nyingi ndani, hujui unapima upi. Laidlawii ana utando mmoja tu, basi. Umepata utando mtupu wenye uhai.

Na zaidi ya hapo, ukimlisha mafuta ya aina fulani, anayaweka kwenye utando wake yalivyo. Unampangia wewe.

Mnajua mafuta ya nazi yanavyokuwa Julai asubuhi, unaamka unakuta chupa imeganda nyeupe, ikifika saa nne imeshakuwa maji. Yana joto lake la kuyeyuka, kama digrii 24 hivi. Sasa wale jamaa (Steim na wenzake) walichukua wadudu hai waliolishwa mafuta tofauti, wakachukua pia utando uliotolewa, wakachukua na mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye huo utando, vyote wakavipasha taratibu kwenye kipimajoto maalumu wakisubiri ile hatua ya kuyeyuka. Ikatokea kwenye joto lilelile kwa vyote vitatu. Yaani mafuta ndani ya kiumbe hai yanafanya vilevile kama yakiwa peke yake kwenye maji, ambako tayari ilijulikana yanajipanga safu mbili. Ukimbadilishia chakula, joto la kuyeyuka nalo linahama.

Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakachapisha ile picha ya utando ambayo kila aliyesoma baiolojia fomu faivu ameichora akapaka rangi, na ushahidi wa namna hii ulikuwa tayari mezani. Wengi tumeichora bila kujua nani alilipa gharama. Mdudu wa mtaro wa London ndo alilipa, na amekaa kwenye hiyo kazi, kule Alberta Kanada kuna mtu anaitwa McElhaney alimfanyia utafiti miongo mizima.

Hapo nikaridhika. Nikaanza hata kuandika makala nyingine, ya kumsifia, kichwa cha habari ninacho. Halafu nikaenda Mkuranga.

Mjomba

Mjomba ana shamba upande wa Kisiju, minazi aliyoachiwa na babu. Nilivyofika nikamwamkia, akaitikia marahaba bila hata kunitazama, macho yako juu.

"Anko, unauona ule?"

Nikauona. Makuti ya chini yamekuwa ya manjano yakaanza kuingia rangi ya kahawia, ya juu bado ya kijani kidogo. Chini nazi zimetapakaa, kubwa kwa ndogo, na vidaka, hakuna aliyeangua. Karara ikifunuka ndani nyeusi. Jirani zake wawili tayari wamekwisha, kilele kimeoza kikaanguka, imebaki shina limesimama halina kitu juu.

Mzee mmoja jirani anasema ni chonga. Chonga tunamjua, yule mbawakavu mwenye pembe anayetoboa kilele, lakini chonga anaacha matundu, na hapa hakuna tundu. Mwingine anasema ni chumvi. Mwingine anasema tusiseme.

Mjomba mwenyewe anajua ni nini, kaiona tangu kijana. Ugonjwa wa kufisha minazi, ule wa manjano. Unaanza kwenye mnazi mmoja, nazi zinadondoka zote za umri wowote, miezi michache baadaye mnazi hauna kichwa. Pwani yetu hii kuanzia juu mpaka Mtwara watu wamepoteza minazi kwa huo ugonjwa kwa vizazi.

Usiku nimelala pale, mtandao unakamata ukisimama karibu na mlango, nikasoma mdudu wa ugonjwa huo ni nani.

Ni bakteria asiye na ukuta. Anaitwa fitoplazma. Na ukiangalia ukoo wake, ndugu zake wa karibu sio wale maikoplazma wa ng'ombe na mbuzi.

Ni akoleplazma. Ukoo wa laidlawii.

Ndugu asiyekubali chupa

Walilijua hili mwishoni mwa miaka ya 1980 walipolinganisha jeni za ribosomu, ile mashine ya seli ya kutengeneza protini. Kuna na alama nyingine ya kifamilia naipenda: kwa maikoplazma wengi ile alama ya herufi tatu ya jeni, UGA, imegeuzwa kazi, badala ya kusema "simama, protini imekwisha" inasema weka triptofani, kipande kimojawapo cha kujengea protini. Kwa laidlawii na kwa fitoplazma bado inasema simama, kama kwetu sisi.

Kabla ya 1967 dunia nzima iliamini magonjwa haya ya manjano ya mimea ni virusi. Walitafuta kirusi miaka na miaka, hakionekani. Ndo Wajapani, Doi na wenzake, wakaangalia miforsadi iliyodumaa kwa darubini ya elektroni, ndani ya mishipa inayopitisha sukari, wakakuta vitu vya duara visivyo na ukuta vinavyofanana na wale wa wanyama. Mwaka huohuo wakajaribu antibayotiki ya tetrasaiklini, dalili zikarudi nyuma. Penisilini haikufanya kitu. Yaani utambulisho ulitoka kwenye dawa iliyokataa na dawa iliyokubali. 1972 wakaonekana kwenye minazi ya Jamaica.

Sasa hapa ndo penye shida, na ndo sehemu niliyokaa nayo zaidi.

Laidlawii jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni kama herufi milioni 1.5, ndogo kwa bakteria lakini anajitosheleza. Fitoplazma wa kwanza kusomwa jenomu yote, 2004, wa kitunguu kule Japani, ana kama 860,000. Amepoteza vitu vya ajabu. Hata mashine kuu ya kutengenezea ATP, ile nishati ambayo tumekaririshwa kila kiumbe hai lazima aitengeneze, jeni zake hana. Inadhaniwa anachukua kwa mwenyeji. Anaishi sehemu mbili tu, ndani ya mshipa wa mmea na ndani ya mdudu anayenyonya huo mshipa. Ukimtoa hapo ukamweka kwenye chupa hakuna anachojua kufanya. Wapo Waitaliano wa Bologna waliochapisha 2012 kwamba wamemuotesha kwenye media, lakini haijawa kazi ya kawaida ambayo mtu wa kituo cha utafiti cha Mikocheni anaweza kuamka Jumatatu akaifanya.

Na ukishindwa kumuotesha, mambo mengi yanafungwa. Huwezi kumjaribia dawa kwenye sahani. Huwezi kumtoa jeni moja uone amepoteza nini. Huwezi kumchukua msafi ukamwingiza kwenye mnazi mzima ukathibitisha ndo yeye. Unabaki na PCR, kipimo cha kutafuta DNA, inayokwambia yupo au hayupo, na darubini ya elektroni ambayo bei yake sitaki hata kuitaja hapa.

Ndo nikaiona picha yote, na haikunifurahisha. Yule mpole tunamjua hadi joto la kuyeyuka la mafuta yake. Huyu anayekula minazi ya mjomba tunamjua kwa mbali, kwa alama za vidole. Na sababu sio umuhimu wao, mpole alikubali kuota kwenye chupa, mkali akakataa. Basi.

Nimejiuliza ni vitu vingapi vingine tunavyodhani tunavijua kwasababu vina maana, kumbe tunavijua kwasababu vilikuwa rahisi kufuga.

Mikocheni

Nisije nikaonekana nasema hakuna aliyejaribu. Mradi wa taifa wa minazi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 na msaada wa Wajerumani ulikuwepo, kituo chake kikawa pale Mikocheni, leo ni TARI Mikocheni, chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, wengi wetu tunapita barabara ile kwenda kula bata hatujui ndani kuna nini. Walifanya kazi. Walifundisha watu hadi kutunza maji moto, wale siafu wekundu wa mtini wanaouma vibaya, kwasababu wanamla yule kunguni anayeharibu vidaka. Hiyo mpaka leo mjomba anaifuata, ukipanda mnazi wake utajuta.

Kwa ugonjwa wenyewe ilikuwa ngumu. Waliagiza aina za minazi kutoka nje wakazijaribu kwenye maeneo yenye ugonjwa. Zile fupi za Malaya zilizosifiwa Jamaica kwa kustahimili, hapa hazikufua dafu (samahanini). Na hata huko Jamaica baadaye chotara waliyoitegemea, Maypan, ikaja kufa nayo kwa wingi. Bora hata baadhi ya minazi yetu mirefu ya asili ilionyesha kusimama kidogo, sehemu nyingine, sio zote.

Wakatafuta nani anayesambaza. Mwaka 2000 watafiti wa huko Mikocheni walichapisha kwamba wamekuta DNA ya huyu mdudu ndani ya wadudu wawili wanaonyonya, mmoja ni wa kundi la Meenoplus, mwingine anaitwa Diastrombus mkurangai. Mkurangai! Nilipomwambia mjomba kwamba wilaya yake ina mdudu wake rasmi kwenye vitabu vya dunia alifurahi kuliko nilivyotegemea. Ila kubeba sio kuambukiza. Mdudu anaweza kunyonya mnazi mgonjwa akabeba DNA tumboni asiipeleke popote, na kuthibitisha kwamba anaambukiza inabidi umfungie na mnazi mzima, usubiri, na mnazi hauna haraka kama mchicha.

Dawa? Tetrasaiklini inafanya kazi, Florida walidunga minazi ya mapambo mitaani. Lakini unadunga kila baada ya miezi michache, ukiacha dalili zinarudi, na hizo nazi huwezi kula. Kwa hoteli sawa. Kwa mjomba hapana.

Swali la hela

Nilimwambia mjomba habari ya yule ndugu wa mtaroni. Tulikuwa tumekaa barazani na madafu, yale ya minazi iliyobaki. Nikamweleza vizuri tu, London, filta, utando, mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, yule ni mtu wa kusikiliza. Halafu akauliza:

"Kwahiyo wamemsoma miaka tisini. Mnazi wangu umepata nini?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Kwenye kichwa changu makala ilikuwa inakwenda hivyo, kwamba utafiti wa kitu kisicho na faida unakuja kuokoa minazi ya maskini, watu wanapenda hadithi hizo, hata mimi nazipenda. Ila haijatokea. Kuna kitu kimepatikana: wakisoma jenomu ya fitoplazma wanaiweka pembeni ya ile ya laidlawii, iliyosomwa yote na kuchapishwa 2011, wanaona nini kimepotea njiani, na katika vile vilivyopotea ndo wanatafuta anahitaji kulishwa nini ili aote. Hiyo ni njia. Bado haijafika shambani kwa mtu.

Nikamwambia hivyohivyo. Akasema "Enhe," akamimina maji ya dafu lililobaki.

Msimamo wangu kwa sasa ni huu, na unaweza kubadilika. Sioni kwamba hela za Laidlaw zilipotea, na anayesema tusome tu vitu vyenye faida ya kesho hajui kwamba hata neno fitoplazma tusingelipata kama watu wa wanyama na mitaro hawakuwa wameshayaona maumbo yale kabla, maana Doi alipotazama ile picha alijua inafanana na nini. Hilo ni kubwa. Lakini naona pia kwamba kuna aina ya utafiti unaojiendesha kwasababu mdudu wake ni mzuri kufanya naye kazi, makala zinatoka, vijana wanahitimu, wakati mdudu mgumu anahitaji mtu wa kumvumilia miaka 20 bila kuchapisha sana, na huyo mtu ukimtafuta utamkuta yuko kwenye kituo chenye darubini inayosubiri vipuri. Mradi wa msaada una miaka yake, ukiisha umeisha. Mnazi unaanza kuzaa vizuri baada ya miaka 6 au 7. Hivyo viwili havijawahi kulingana.

Kuhusu yule dada wa filta, alirudi kuchukua mzigo wake. Nikamwambia habari za minazi, ndugu wa mdudu wako ndo anaua minazi Pwani. Akashangaa, hakujua. Amefanya naye kazi muda wote huo na chuoni hawakuwahi kuwataja sentensi moja. Watu wa dawa wanamjua laidlawii, wa mifugo wanamjua wa ng'ombe, wa kilimo wanamjua wa minazi, kila mmoja na idara yake na jengo lake. Aliniuliza kama Mikocheni wanapokea watu wa kujitolea. Nimemtumia namba ya mapokezi.

Mjomba yeye alinipigia wiki iliyopita. Ana swali moja la kitaalamu, ndo alivyosema, la kitaalamu: zile nazi zilizokomaa zilizodondoka chini ya mnazi mgonjwa, anaweza kuzifanya mbegu?

Nikamwambia asubiri. Nikasoma. Mexico walishakuta DNA ya mdudu wa aina hii ndani ya kiinitete cha nazi za minazi migonjwa, ila kwamba mche utakaoota utaumwa, hilo ni jambo jingine na ushahidi wake sio wa kukaza nao shingo. Nikampigia, nikamwambia mjomba kwa usalama chukua mbegu kwenye ile mirefu ya upande wa kisima ambayo imesimama miaka yote, na hiyo iliyokufa ing'oe, usiache mashina.

"Sawa anko, nimekuelewa," akasema. "Lakini zile nilishazipanda."